Kombi ya kabureta: joto lenye kazi na joto lenye kuzimisha injini

Kombi ya zamani ikizimika njiani, fundi wa kwanza atasema mafuta yamechemka, wa pili atasema kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ni chafu, wa tatu atakuwa ameshaanza kufungua pampu. Huenda kila mmoja ana haki kwa siku yake. Tabu ni kwamba maradhi haya yanafanana kwa sura na yanapingana kwa tiba: moja linataka kabureta ipate joto zaidi, la pili linataka bomba la mafuta lipoe, la tatu wala si la mafuta. Ndiyo maana gari lile lile huzunguka gereji nne, kila moja ikitibu ugonjwa wa mwingine.

Hapa tunazungumzia Volkswagen Kombi yenye injini ya nyuma inayopozwa kwa hewa, ya cc 1200, 1500 au 1600, yenye kabureta moja ya Solex katikati: 28 PICT, 30 PICT au 34 PICT. Kombi za miaka ya 70 zilizofungwa injini kubwa ya 1700, 1800 au 2000 zina mpangilio tofauti wa kabureta, lakini kanuni za joto ni zile zile.

Tuanze na petroli yenyewe. Haina nyuzi moja ya kuchemkia kama maji. Ni mchanganyiko: sehemu zake nyepesi huanza kugeuka mvuke kwenye nyuzi 35 hivi, na zile nzito hungoja mpaka zaidi ya 200. Katika chumba cha injini cha Kombi mchana wa jua, nyuzi 35 zimeshapitwa kabla hujawasha. Kinachozuia petroli isichemke ndani ya bomba ni kwamba inapita haraka, ikitoka tangini ikiwa bado ya baridi. Ikisimama, au ikipita taratibu karibu na bati la moto, inaanza kutoa mapovu.

Ukipanda mlima mambo yanazidi, kwa kuwa hewa ni nyepesi na kila kimiminika huchemka mapema. Nairobi, kwenye mita 1,700 na kitu, maji huchemka karibu nyuzi 94 au 95 badala ya 100. Petroli nayo inateremka vivyo hivyo. Kombi iliyotulia Mombasa yenye joto kali inaweza kusumbua kwenye mlima wenye hewa ya kupendeza, na dereva asielewe kwa nini.

Uliza kwanza lilizima lini

Kabla ya kushika spana, kumbuka saa na mahali. Hilo peke yake hutenganisha sehemu kubwa ya kesi.

Ikiwa ni asubuhi yenye ukungu, Limuru au Njombe, gari limetembea dakika kumi tu, likaanza kupoteza nguvu na kuzimika kila ukiachia mafuta, kisha baada ya kusimama dakika tano likawaka kama halikuwa na kitu, hiyo ni barafu ndani ya kabureta. Ikiwa ni mchana, kwenye mwinuko mrefu kama Kitonga au kwenye foleni, injini ikaanza kukohoa na kukosa mafuta mpaka ikafa, na haikuwaka tena mpaka ilipopoa nusu saa, hiyo ni mvuke uliokamata bomba au pampu. Ikiwa gari lilikuwa linatembea vizuri, ukasimama dukani dakika kumi na tano, ukarudi likakataa kuwaka huku likinuka petroli, hapo bakuli la kabureta, linalohifadhi petroli kidogo ya kutumia, limechemka na kumwagia injini. Na ikiwa lilikatika ghafla kama mtu aliyezima swichi, bila kukohoa, acha kabureta kwanza. Chomoa waya wa plagi, tazama cheche. Koili iliyochoka na kondensa mbovu, vifaa vya kutengeneza cheche, hukata moto zikipata joto na kurudi zikipoa, na pampu nyingi nzuri zimetupwa kwa kosa la kondensa.

Kuna jambo la tano ambalo ni rahisi mno, kwa hiyo hakuna anayelifikiria. Tangi lazima livute hewa kadiri mafuta yanavyotoka. Njia ya hewa ikiziba, tangi hujikaza na pampu hushindwa kuvuta, dalili zikiwa zile zile za mvuke. Gari likizimika, fungua kifuniko cha tangi palepale. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu na injini ikawaka baada ya hapo, umeshapata jibu bila kulipa mtu.

Barafu kwenye nchi ya joto

Wengi hucheka wakiambiwa kabureta inaganda Afrika Mashariki. Lakini hewa inapobanwa kwenye koo la kabureta shinikizo hushuka, na petroli inaponyunyizwa na kugeuka mvuke hunyonya joto kutoka kwa hewa na chuma. Kwa pamoja hayo mawili huteremsha joto nyuzi 20 au zaidi. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 12 na imejaa unyevu, ndani ya koo tayari ni chini ya sifuri. Maji ya hewani huganda kwenye kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa, na kuiziba. Ukiwahi kufungua kifuniko cha nyuma wakati huo, utaona manifoldi, lile bomba chini ya kabureta linalopeleka mchanganyiko kwenye silinda, imeota ukungu mweupe kwa nje, kama chupa iliyotolewa kwenye friza. Ukisubiri, joto la injini hupanda, ule weupe huwa matone, na ushahidi wote umekwenda.

Watengenezaji walilijua hili, wakaweka dawa mbili. Ya kwanza ni kibomba chembamba kinachopita chini ya manifoldi, kikipeleka moshi wa moto kutoka upande mmoja wa bomba la moshi kwenda mwingine ili kupasha mahali petroli inapogonga. Ya pili ni mpira mpana unaoleta hewa ya uvuguvugu kutoka kwenye silinda hadi kwenye chujio la hewa, ukiwa na kibamba cha kuchagua hewa ya baridi au ya moto.

Zote mbili ndizo za kwanza kung'olewa na fundi anayedhani anasaidia. Anaona bomba la moshi linapasha kabureta, anasema hapa kwetu kuna joto, anaziba. Kwa gari lisilotoka Dar es Salaam hutajua tofauti kubwa. Likipanda Mbeya mwezi wa saba utaijua, na hata kwenye joto la wastani petroli isiyopashwa hutiririka ukutani mwa manifoldi badala ya kuelea hewani, injini ikawa nzito na kusitasita ukikanyaga.

Kupima kibomba hicho ni rahisi. Washa injini baridi, iache ingurume dakika tatu hadi tano, kisha gusa kwa haraka ncha zote mbili karibu na flanji za bomba la moshi, pale vibao vya kuungia vinapokutana, ukitumia kitambaa. Zote zinatakiwa ziwe za moto. Moja ikiwa moto na nyingine baridi, njia imeziba kwa masizi. Husafishwa manifoldi ikiwa imetolewa: ingiza waya wa chuma uliosukwa, ule wa ndani ya kebo ya spidomita unafaa, uuzungushe kwa drili taratibu ukisukuma kidogo kidogo kutoka pande zote mbili. Masizi yaliyokuwa jiwe yanahitaji kupashwa kwa moto wa gesi mpaka yaungue, kazi ya nje, mbali na gari na petroli. Unapofunga bomba jipya la moshi la dukani, chungulia kwenye flanji ndogo. Baadhi huja hazijatobolewa kabisa, nawe ukazifunga kwa gasketi nzuri juu ya ukuta.

Mvuke kwenye bomba

Kwenye Kombi tangi liko nyuma, juu ya giaboksi, mbele ya ukuta wa chumba cha injini. Petroli hushuka, hupita kwenye tundu la bati la mbele la injini, hufika kwenye pampu iliyoketi juu ya injini karibu na distribyuta, kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, ndipo hupanda kwenye kabureta. Safari ni fupi, lakini karibu yote ni kando ya chuma cha moto.

Mvuke ukiingia kwenye pampu, diaframu yake, ule utando unaosukuma mafuta, hubana na kuachia mapovu badala ya kusukuma mafuta. Lakini kabla ya kuilaumu pampu tafuta joto lisilo na haki ya kuwa pale. Injini hii imetengwa vyumba viwili kwa mabati na mpira: juu hewa baridi inayovutwa na feni, chini silinda na mabomba ya moshi. Mpira unaozunguka mabati ukikatika, au bati moja likiachwa gereji "kwa sababu lilikuwa linasumbua kufunga", hewa iliyokwisha pita kwenye silinda inapanda juu, inavutwa tena na feni, na injini inajipoza kwa pumzi yake yenyewe. Chukua tochi usiku, mtu aimulike kutoka chini ya gari nawe utazame juu kwenye chumba cha injini. Popote mwanga unapopenya, joto nalo linapenya. Tundu la bomba la mafuta kwenye bati la mbele liwe na mpira wake, kwanza ili bati lisikate bomba, pili ili joto lisipite.

Kuegemeza kifuniko cha nyuma kwa kijiti ili injini ipate hewa ni jambo linaloonekana barabarani tangu zamani. Hewa ya Kombi huingia kwa matundu ya ubavuni, juu ya matairi ya nyuma. Ukiacha kifuniko wazi ukiwa mwendoni, unakaribisha vumbi na moto wa bomba la moshi. Kifungue ukisimama, si ukitembea.

Kisha feni. Inazungushwa na mkanda kutoka krankshafti, karibu mara mbili ya kasi yake, kwa hiyo upozaji unategemea mzunguko wa injini wala si mwendo wa gari. Dereva anayepanda Kitonga kwa gia ya nne huku injini ikigugumia anaipa injini kazi kubwa na hewa kidogo. Ateremke gia ya tatu au ya pili mapema, mzunguko upande, hewa iongezeke. Mkanda ukibonyezwa kwa dole gumba katikati ulegee kama milimita 15, usizidi. Mapezi ya silinda na ya kipozea oili yakijaa vumbi lililoshikana na oili, hakuna gia itakayosaidia.

Sasa pampu. Kati yake na injini kuna kitako cheusi cha bakelaiti (plastiki ngumu), ambacho ni kizuizi cha joto na pia ni njia ya kijiti kinachoisukuma. Usibadilishe kitako hicho kwa cha alumini. Kijiti kina urefu wa aina mbili: milimita 108 kwa injini za dainamo, na milimita 100 kwa pampu fupi iliyowekwa kwenye injini zenye alternita. Ukichanganya kijiti kirefu na pampu fupi, diaframu inapigwa kupita kiasi, shinikizo linapanda, na petroli inaishinda sindano ya boya ndani ya kabureta, ile inayofunga njia bakuli likijaa. Pima hivi: toa pampu, acha kitako na gasketi zake, zungusha injini kwa mkono mpaka kijiti kifike juu kabisa, pima kutoka uso wa gasketi hadi ncha. Iwe milimita 13 hivi. Ikizidi, ongeza gasketi, ikipungua, punguza. Na ukitaka kutoa kitako, chomoa kijiti kwanza, kwani kikidondokea ndani ya injini umejitafutia kazi ya wiki nzima. Kumbuka pia kwamba tangi liko juu: bana mpira wa mafuta kabla ya kuuchomoa, la sivyo petroli itateremka yenyewe mpaka iishe.

Shinikizo linalofaa kabureta ya Solex ni kama pauni 3 kwa inchi ya mraba, yaani baa 0.2. Chujio la plastiki lenye kuonekana ndani likiwa nusu tu huku injini inavuta vizuri, si dalili ya chochote. Wengi hubabaika bure. Chujio lenyewe likae kabla ya pampu, chini upande wa tangi. Likining'inia juu ya distribyuta na mipira miwili na klipu nne, umeongeza nafasi nne za kuvuja juu ya cheche.

Wanaotumia HiAce na Nissan za kabureta wana msaada ambao Kombi haikupewa: injini nyingi kati ya hizo zina mpira mwembamba wa tatu kwenye pampu unaorudisha petroli tangini, ili mafuta yasisimame kamwe. Ukikuta umezibwa kwa skrubu, na mara nyingi utaukuta hivyo, ufungue kabla ya kutafuta ugonjwa mwingine.

Bakuli linalochemka baada ya kuzima

Ukizima injini, feni inasimama palepale lakini vichwa vya silinda bado vinaunguza. Joto hupanda kwa manifoldi mpaka kabureta, na kwa dakika kumi hadi ishirini kabureta huwa ya moto kuliko ilivyokuwa mwendoni. Petroli kwenye bakuli huchemka, husukumwa kutoka kwenye pua ya katikati, na kudondoka ndani ya manifoldi. Toa chujio la hewa, kipepeo cha choki kikiwa wazi, mulika kooni: utaona tone linavimba kwenye ncha ya pua, linaanguka, lingine linafuata, huku moshi mwepesi wa petroli ukipanda. Mulika kwa tochi tu, na sigara iwe mbali.

Hapo injini ina mafuta mengi, haijakosa mafuta. Anayepampu pedali anaongeza tatizo, maana kila kanyago hurushia petroli zaidi. Kanyaga mafuta taratibu mpaka chini, shikilia hapo bila kuachia, kisha piga stata sekunde tano hadi kumi. Hewa itaondoa petroli iliyozidi, injini itawaka kwa kukohoa, ndipo uachie polepole. Na ukijua unasimama muda mfupi kwenye jua, elekeza nyuma ya gari upande wa upepo na fungua kifuniko.

Ikitokea kila siku, angalia kiwango cha petroli kwenye bakuli. Kwenye Solex hizi uso wa petroli uwe milimita 17 hadi 20 hivi chini ya ukingo wa bakuli, kutegemea modeli, na hurekebishwa kwa pete ya washa iliyo chini ya sindano ya boya: pete nene zaidi hushusha kiwango. Angalia pia choki inayojifungua kwa umeme. Waya wake ukitoka, kipepeo hubaki kimefunga nusu na gari huonekana limezama mafuta saa zote.

Jeti ya Nairobi, barabara ya Mombasa

Hapa ndipo joto na mafuta vinakutana kwa njia isiyoonekana. Namba iliyochongwa kwenye jeti kuu, kile kipande chenye tundu linalopima petroli, ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita: 130 ni milimita 1.30. Nairobi hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya sita kuliko pwani, kwa hiyo jeti ya pwani humwaga petroli kupita mahitaji, plagi zikawa nyeusi na gari likala mafuta. Fundi anaweka 125. Tundu limepungua eneo kwa asilimia 7.5, na injini inafurahi.

Kisha gari linashuka Mombasa. Hewa imekuwa nzito, petroli imepungukiwa, na mchanganyiko mkavu huunguza kwa joto kali zaidi, safari nzima, kwenye hali ya hewa ya moto. Vichwa vya silinda vinapata joto, chumba cha injini kinapata joto, pampu inachemka, na watu wanalaumu hali ya hewa ya pwani. Silinda namba 3 ndiyo hulipa kwanza, hasa kwenye injini za kabla ya 1971 ambako kipozea oili kimekaa mbele ya hewa yake. Jeti iwekwe kwa sehemu ya chini kabisa unayosafiri. Plagi nyeusi kidogo mlimani hugharimu petroli. Mchanganyiko mkavu pwani hugharimu valvu. Nafasi ya valvu yenyewe ipimwe injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.15.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huleta madhara ya namna hiyo kwa njia nyingine: injini hugonga, hupata joto, na masizi huziba kile kibomba cha manifoldi. Kenya iliweka tozo ya Sh18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua faida ya mchezo huo.

Pampu ya umeme, na moto

Pampu ya umeme karibu na tangi hutibu mvuke, kwa kuwa husukuma badala ya kuvuta. Tunaiweka mwisho kabisa, baada ya mpira wa mabati, jeti na kijiti, maana inaficha joto bila kuliondoa. Ukiifunga, isizidi pauni 3.5, na iwe na relei, yaani swichi ya umeme inayojiendesha, inayoikata pampu injini ikizima hata kama ufunguo umewashwa. Bila hiyo, siku bomba likichomoka pampu itaendelea kumwaga juu ya bomba la moshi. Kizimamoto kiwe cha unga na kikae karibu na dereva, si nyuma: kasha la injini hii ni la aloi ya magnesiamu, likishika moto maji huuchochea.

Kwenye kabureta, shika kile kipua cha shaba kinapoingia mpira wa mafuta, jaribu kukizungusha kwa vidole. Kimebanwa tu, hakina nati, na kwa miaka hulegea kikachomoka. Kikizunguka, usitembeze gari mpaka kirudishwe kwa kubanwa upya au kukatiwa nati. Mipira iwe ya petroli, upana wa ndani milimita 5, si mpira wa maji wala wa chujio la akwariamu. Ikunje katikati ya vidole: ikionyesha nyufa, badilisha yote kwa siku moja, pamoja na kile kipande kifupi kinachopita kwenye ukuta chini ya tangi, ambacho hakionekani mpaka injini ishushwe.